Dali, chapati na mboga moja: chakula cha Kihindi cha kila siku kwa kijiko cha mafuta

Kila nikimpikia mtu dali akaipenda, maswali yanayofuata ni yale yale. Dali ndiyo nini? Ina tofauti gani na choroko tunazozijua? Mpaka niwe na viungo kumi na tano? Bila presha kuka itaiva? Halafu kuna lile linaloulizwa kwa sauti ya chini, na mtu aliyetoka kwa daktari wiki hiyo hiyo: "Lakini si nasikia chakula cha Kihindi kina mafuta mengi?"

Inategemea kimetoka jiko gani. Cha hotelini mara nyingi kinaelea kwenye samli na krimu, maana kimepikiwa mtu aliyetoka kula raha. Cha nyumbani, kile ambacho familia ya Kigujarati (asili yake jimbo la Gujarat, India) inakula siku ya kazi na hakuna mgeni, ni kitu kingine kabisa: bakuli la dali, mboga moja kavu, chapati nyembamba au wali kidogo, mtindi na kachumbari.

Nilipanga miaka minne Upanga, Dar es Salaam, mlango ukitazamana na wa bibi mmoja wa Kigujarati. Wajukuu zake walimwita Ba, na sisi tukafuata. Mwanzoni nilikijua chakula chake kwa bakuli lililofunikwa kisahani, lililovuka korido jioni. Mwaka wa pili nikawa nakaa jikoni kwake kwenye stuli, nachambua choroko. Kilichonishangaza ni kikopo cha stili cha mafuta pembeni ya jiko, na kijiko ndani yake. Sikuwahi kumwona akimimina mafuta kutoka kwenye dumu. Kijiko kimoja cha chakula, sufuria ya watu wanne, basi. Nilipomuuliza kama haitakuwa kavu alinijibu, "Mafuta kazi yake kubeba harufu, beta (yaani mwanangu). Kushibisha ni kazi ya dali."

Haya ninayoandika ni ya jiko hilo.

Kabla hujaenda sokoni: majina

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo soma taratibu. Dali ni jina la jamii ya kunde iliyokobolewa ikapasuliwa vipande viwili, na ni jina la mchuzi mzito unaopikwa kwa vipande hivyo. Ziko aina nyingi. Hizi ndizo utakazokutana nazo:

- Moong ni choroko. Zikikobolewa zinakuwa za njano. Mkenya anaziita ndengu. Anza na hizi: zinaiva haraka na hazisumbui tumbo.
- Masoor ni adesi, Kenya kamande. Zikikobolewa zina rangi ya chungwa, zikiiva zinageuka njano.
- Toor, au tuvar kwa Kigujarati, ni mbaazi. Ndiyo, hizi hizi tunazopika kwa nazi na kula na mahamri. Zinalimwa kwa wingi Lindi, Mtwara na Babati, na soko lake kubwa ni India. Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka, bei kwa wakulima wetu ilianguka vibaya sana. Pakiti ya toor dal unayoiona dukani inaweza kabisa kuwa mbaazi ya kwetu iliyovuliwa ganda.
- Chana ni dengu. Dengu ya Tanzania, si ndengu ya Kenya! Ukifuata mapishi ya Nairobi ukiwa Arusha, au kinyume chake, utarudi nyumbani na kitu kingine, ushangae mbona hakiivi.

Unachohitaji

Kwa watu wanne. Kikombe ninachokisema ni cha mililita 250.

Kwa dali:
- choroko za njano zilizokobolewa, kikombe 1 (kama gramu 200)
- nyanya 2 za wastani, zilizokatwa ndogo
- tangawizi, kipande cha urefu wa pingili ya kidole gumba, iliyosagwa
- manjano ya unga, nusu kijiko cha chai
- chumvi, kijiko 1 cha chai kwa kuanzia, tena cha kukwangua juu
- limau 1
- kotmiri, fungu dogo (giligilani kwa wengine, dania Kenya)

Kwa kuunga:
- mafuta ya kupikia au samli, kijiko 1 cha chakula
- haradali, nusu kijiko cha chai
- uzile, kijiko 1 cha chai (bara utasikia binzari nyembamba, wengine jira)
- kitunguu saumu, punje 3, zilizokatwa vipande vyembamba
- pilipili kavu 1 au 2
- mvuje, kiasi cha kubana kwa ncha za vidole

Kwa chapati: unga wa atta (ngano iliyosagwa na pumba zake) vikombe 2, maji ya uvuguvugu, chumvi kidogo ukipenda.

Kwa mboga: nusu ya kabichi ya wastani, au bamia nusu kilo.

Vyombo: sufuria nzito, kikaango kidogo chenye kifuniko, chuma cha chapati, kibao na kifimbo cha kusukumia. Presha kuka ukiwa nayo inaokoa gesi, lakini kwa choroko si lazima.

Viungo ni vitano, si kumi na tano. Ba alikuwa na kopo la duara la stili lenye vibakuli saba ndani, na hilo ndilo lililokuwa duka lake lote la viungo. Nunua kidogo kidogo, na nunua vizima, maana uzile wa unga uliokaa miezi sita kwenye nailoni ni vumbi tu. Ile pakiti moja ya "unga wa bizari" inayotiwa kwenye kila kitu iache kabatini kwa leo.

Mvuje ndiyo ule ule ambao bibi zetu wa pwani walimfungia mtoto kitambaani kumkinga na husuda. Ukiwa mbichi unanuka vibaya, ukigusa mafuta ya moto unageuka kama kitunguu kilichokaangwa. Ule wa unga unaouzwa kwenye vikopo mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano, kwa hiyo asiyekula ngano asome kopo kwanza, au auache.

Manjano nayo yana neno lake. India na Bangladesh yamewahi kukutwa manjano yaliyotiwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae, na risasi ni sumu, kwa watoto hasa. Yakiwa na njano ya kupigia kelele, yaache. Hata mizizi mikavu huweza kupakwa rangi hiyo, kwa hiyo bora ununue kwa mtu unayemjua.

Sehemu ya kwanza: dali

1. Chambua. Mwaga choroko kwenye sinia, zisukume kwa vidole upande mmoja hadi mwingine mahali penye mwanga. Unatafuta kijiwe. Ni kazi ya dakika tatu, na jino ni ghali.

2. Osha mara nne au tano huku unasugua kwa viganja. Maji ya kwanza yatakuwa kama maziwa. Ya mwisho yawe karibu safi.

3. Loweka dakika 20 hadi 30, kisha mwaga maji yale. Kama tumbo lako hujaa gesi ukila kunde, hatua hii usiiruke.

4. Chemsha kwa maji mapya vikombe 4, pamoja na manjano na tangawizi. Chumvi bado. Zikianza kuchemka litapanda povu. Litoe kwa upawa. Punguza moto, acha kifuniko wazi kidogo, subiri dakika 25 hadi 35. Ukifunika kabisa itamwagika, na manjano yakikauka kwenye jiko jeupe utayasugua mpaka Idi.

Kwa presha kuka: maji vikombe 3, filimbi 3, zima, subiri presha ishuke yenyewe. Usijaze kupita nusu. Dali inatoa povu, na povu likipanda linaziba tundu la mvuke. Mimi niliwahi kujaza mpaka robo tatu kwa uroho wa kupika ya siku mbili. Filimbi ikagoma, kisha ikaachia kwa mkupuo, dali yote ikawa darini. Doa la njano lilikuwepo hadi nahama, na mwenye nyumba alilikata kwenye amana yangu.

5. Jaribu. Chota punje, ibane kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikipondeka bila kiini kigumu, imeiva. Ikiwa na kiini, ongeza dakika kumi. Usisonge mbele kwa matumaini.

6. Pekecha. Ba alitumia upekecho wa mti, anauzungusha kati ya viganja kama anayewasha moto wa kale. Mchapo wa mayai unafaa, mwiko pia. Usiigeuze uji kabisa; acha nusu ya punje zionekane.

7. Sasa tia nyanya na chumvi, chemsha moto mdogo dakika 8 hadi 10. Nyanya zinakuja hapa na si mwanzoni kwa sababu uchachu huchelewesha kunde kulainika. Hilo ndilo kosa nambari moja la wanaoanza: wanatupia kila kitu pamoja saa ya kwanza, halafu saa mbili baadaye wananipigia simu. Uzito uwe wa mchuzi unaotambaa kwenye sahani, maana utazidi kuwa mzito ukipoa.

8. Unga dali. Wahindi wengi huita tadka, Wagujarati vaghar. Hii ndiyo dakika moja na nusu inayotofautisha dali na choroko za kuchemsha, kwa hiyo nitaichambua kipande kwa kipande. Kabla ya kuwasha moto, panga kila kiungo mkononi kwa mpangilio wa kutumika. Ukianza kumenya kitunguu saumu wakati mafuta yanafuka, umeshachelewa.

 a. Pasha kijiko cha mafuta kwenye kikaango kidogo, moto wa wastani. Inamisha kikaango ili mafuta yakusanyike pembeni. Ndiyo siri ya kutumia machache.
 b. Dondosha punje moja ya haradali. Ikikaa kimya, subiri. Ikitoa vipovu na kuanza kurukaruka, tia zilizobaki na ufunike mara moja. Zitapasuka kama bisi, na bisi hizi zinaruka na mafuta. Kovu dogo kwenye mkono wangu wa kushoto ni la haradali.
 c. Mlio ukipungua, funua, tia uzile. Hesabu hadi kumi. Utabadilika kutoka rangi ya nyasi kavu hadi ya udongo, na harufu itajaa chumba.
 d. Tia pilipili kavu na kitunguu saumu. Kingo za kitunguu zikianza kuwa dhahabu, tia mvuje na uzime moto. Usingoje kiwe kahawia chote, maana mafuta yanaendelea kupika hata moto ukiwa umezimwa.
 e. Mimina vyote juu ya dali. Utasikia "chwaaa". Funika sufuria hapo hapo, dakika mbili, usikoroge.

Ukiwa na yale majani membamba ya mchuzi yenye harufu, manane yanatosha. Yatie baada ya uzile, lakini yakaushe kwanza kwa kitambaa. Maji na mafuta ya moto havipatani.

9. Malizia kwa limau nusu na kotmiri, moto ukiwa umezimwa. Limau si la ladha tu: vitamini C yake husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye choroko. Wagujarati huongeza kipande cha sukari guru, dali ikawa na utamu kwa mbali. Ba alitia cha ukubwa wa punje ya korosho. Mwenye kisukari apite, haitapungua kitu.

Onja chumvi sasa, si mapema.

Sehemu ya pili: chapati isiyo na mafuta ndani

Chapati zetu, zile za kukunja kwa mafuta zenye tabaka, kwa Wahindi ziko karibu zaidi na paratha. Ni tamu, sibishani. Lakini za kila siku kwao ni roti, au phulka kwa jina la zile zinazovimba kama puto, na hizo hukandwa kwa maji tu. Unga wake ni atta, ngano iliyosagwa na pumba zake, laini sana. Ukikosa atta, tumia unga wa ngano usiokobolewa. Uchekeche pumba kubwa, na uache donge lipumzike kwa muda mrefu zaidi.

1. Tia maji kidogo kidogo kwenye vikombe viwili vya unga. Utatumia robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, kutegemea unga. Donge liwe laini kuliko unavyodhani, kama ndewe ya sikio.

2. Kanda dakika nane, funika kwa kitambaa kibichi, acha dakika 30. Unga wenye pumba unakunywa maji polepole; ukiharakisha, chapati zitakuwa mbao.

3. Gawa madonge 10 hadi 12. Sukuma kila moja, na unga mkavu kidogo tu, hadi upana wa kama sentimita 15. Unene uwe sawa kila mahali, maana kingo nene haziruhusu kuvimba. Usihangaike na duara. Zangu za kwanza zilikuwa ramani ya Ziwa Tanganyika, na zilivimba vizuri tu.

4. Chuma kiwe cha moto kweli. Upande wa kwanza sekunde 20 hadi 30, mpaka rangi ififie na vijipovu vionekane. Geuza. Upande wa pili uache mpaka upate madoa ya kahawia.

5. Kama una gesi, ondoa chuma, ishike chapati kwa koleo uilaze juu ya mwali, upande wa kwanza chini. Itajaa hewa ndani ya sekunde chache. Kwa mkaa, igeuze tena juu ya chuma na ubonyeze kingo polepole kwa kitambaa kilichokunjwa. Hewa itakimbilia katikati.

6. Weka kwenye chombo chenye kitambaa, funika. Ukitaka samli, paka nusu kijiko cha chai juu ya moja, uifunike na nyingine zipeane.

Sehemu ya tatu: mboga kavu

Hii ni fupi. Kata kabichi nyembamba. Pasha kijiko cha mafuta, pasua haradali, tia uzile, robo kijiko cha chai cha manjano, pilipili mbichi moja iliyopasuliwa, kisha kabichi na chumvi. Geuza, funika, moto mdogo, dakika 7 au 8, bila tone la maji; kabichi ina maji yake. Iwe bado ina mlio mdogo ukiitafuna.

Kwa bamia kanuni zinageuka: osha zikiwa nzima, zikaushe kabisa kwa kitambaa ndipo ukate, usifunike, na chumvi iwe ya mwisho. Ukivunja moja ya hizo utapata mlenda. Nao si vibaya, ila si mboga tuliyokuwa tunaipika.

Siku ambayo huna nguvu, katakata fungu la mchicha ulitupie ndani ya dali kwenye hatua ya 7. Umemaliza.

Kupakua

Nusu ya sahani iwe mboga na kachumbari, robo dali, robo chapati mbili au wali. Mtindi bakuli dogo pembeni, usiotiwa sukari. Dali na nafaka huliwa pamoja kwa sababu: kile ambacho protini ya ngano au mchele imepungukiwa kipo kwenye kunde, na kinyume chake. Ndiyo maana watu wengi wa Gujarat wasiogusa nyama hujenga miili kwa sahani hii.

Kinachoharibu sahani hii kwa mtu wa presha ni vile vidogo vya pembeni. Achari na papadi (vile vichapati vikavu vyembamba vya unga wa kunde) vina chumvi nyingi sana, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa milo yote. Ba alikuwa na presha. Achari alikuwa akiigusa kwa ncha ya kidole, anailamba, anafunga chupa.

Chai ya majani isiandamane na chakula hiki, hasa kwa mjamzito au aliyeambiwa damu ni kidogo. Chai huzuia ufyonzwaji wa chuma. Subiri saa moja hivi.

Mwenye ugonjwa wa figo azungumze na daktari wake kabla ya kufanya kunde kuwa chakula cha kila siku, kwa ajili ya potasiamu. Na kwa wanaoniuliza kama manjano yatatibu magoti au kisukari: nusu kijiko kwenye sufuria ni kiungo. Vidonge vyako endelea kumeza.

Mambo yakienda kombo

*Dali imechemka saa nzima, bado ngumu.* Ama ni ya zamani sana, ama umetia nyanya au ukwaju mapema, ama maji yako ni ya chumvichumvi. Kwa maji ya kisima cha Dar hili la mwisho ni la kawaida; tumia ya kunywa kwa kuchemshia. Magadi yatailainisha, lakini yanaua vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Kama si choroko bali ni mbaazi, hesabu dakika 45 hadi saa nzima, baada ya kuloweka saa moja.

*Maji yako juu, punje ziko chini.* Haijapekechwa, au haijaiva. Rudi hatua ya 5.

*Kuna uchungu.* Umeunguza uzile au kitunguu saumu. Kama bado hujamimina, mwaga uanze upya. Ni kijiko kimoja cha mafuta, usikionee huruma. Kama umeshamimina, limau na sukari guru kidogo vitafunika, lakini mlaji mzuri atajua.

*Harufu haipo kabisa.* Mafuta hayakuwa ya moto, ama viungo vimezeeka. Sugua uzile kiganjani unuse. Usiponusa kitu, hata sufuria haitanusa.

*Chumvi imezidi.* Ongeza maji ya moto na mchicha, chemsha, ongeza limau. Donge la unga linaloambiwa "linafyonza chumvi" linafyonza mchuzi tu.

*Chapati ngumu.* Donge lilikuwa kavu, au chuma hakikuwa na moto wa kutosha ikakaa juu yake muda mrefu ikakauka.

*Chapati haivimbi.* Ina tundu, au imesukumwa bila usawa. Ile kwa raha, isiyovimba nayo ni chapati.

*Tumbo limejaa.* Wiki ya kwanza kula nusu bakuli, choroko tu, na usichoke kuloweka. Ukizoea ndipo uende kwenye mbaazi na dengu. Ukifika kwenye maharage mekundu, yaliyo mapishi ya kaskazini mwa India, yaloweke usiku kucha, mwaga maji, na uyachemshe kwa moto mkali dakika kumi kamili kabla ya kupunguza. Yakiwa mabichi au yakipikwa kwa moto hafifu tu, yana sumu ya asili inayoleta kutapika.

*Nimepika nyingi.* Ipoze upesi, friji, siku mbili au tatu, na uichemshe hasa kabla ya kula. Wali usilale mezani usiku kucha, kuna vimelea ambavyo kuupasha hakuviui vyote. Ikitoka kwenye friji dali itakuwa imeganda kama ugali. Usiishangae, tia maji ya moto. Au fanya alivyokuwa akifanya Ba asubuhi: aliikandia unga wa atta dali hiyo iliyoganda badala ya maji, akatupia kotmiri na pilipili moja, akasukuma chapati za njano nene kidogo, akazipaka samli kwa mgongo wa kijiko. Watoto wa shule walizikunja mkononi na kuzila wakishuka ngazi.